Kisiwa cha Apo

Kisiwa cha Apo ni kisiwa kidogo cha Ufilipino chenye asili ya volkeno. Kipo takriban kilomita 7 kutoka ncha ya kusini-mashariki ya kisiwa kikubwa cha Negros. Kiutawala ni barangay, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa nchini humo, ndani ya manispaa ya Dauin katika mkoa wa Negros Oriental.

Kisiwa hiki kinajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni hifadhi ya bahari ambayo wavuvi wenyewe walikubali kuitenga mwaka 1982, na ambayo imekuwa mfano kwa nchi nyingi. La pili ni wanyama watambaazi wa baharini: mtu anayepiga mbizi hapa ana nafasi nzuri ya kuwaona kasa na nyoka-bahari wakila, wakipumzika na wakiwinda katika makazi yao. Mambo haya mawili yanahusiana, kwa kuwa wanyama hao hutegemea miamba ya matumbawe na nyasi-bahari ambazo bila hifadhi zingeharibika.

Kisiwa hiki kisichanganywe na Mwamba wa Apo ulioko karibu na kisiwa cha Mindoro, wala na Mlima Apo ulioko Mindanao.

## Jiografia

Eneo la nchi kavu ni chini ya kilomita ya mraba 1. Pwani ina miamba ya volkeno, na kati yake kuna fukwe fupi zenye mchanga na vipande vya matumbawe. Wakazi ni mamia kadhaa tu. Wengi wao huzungumza Kisebuano na hutegemea uvuvi na utalii. Wageni huvuka kwa mashua zenye ndubi pande zote mbili, hasa kutoka kijiji cha Malatapay kilichopo ng'ambo ya pili. Safari huchukua nusu saa au zaidi kidogo kulingana na hali ya bahari. Mji mkubwa wa karibu ni Dumaguete, makao makuu ya mkoa.

Kisiwa kimezungukwa na mwamba wa matumbawe ambao kwanza ni mpana na wenye kina kidogo, kisha huteremka kwa ghafla. Eneo hili ni sehemu ya Pembetatu ya Matumbawe, ukanda wa bahari unaozigusa Ufilipino, Indonesia, Malaysia, Timor ya Mashariki, Papua Guinea Mpya na Visiwa vya Solomon, wenye spishi nyingi za matumbawe kuliko sehemu nyingine yoyote duniani. Mahali pengine chini ya maji huonekana viputo vya gesi vikipanda kutoka mchangani, dalili ya volkeno iliyokijenga kisiwa.

Majira hufuata pepo za msimu. Amihan huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hadi Machi hivi, na habagat hutoka kusini-magharibi kuanzia Juni hadi Oktoba. Kwa hiyo kuna karibu kila wakati upande mmoja wa kisiwa uliokingwa na mawimbi. Mikondo, hasa kwenye ncha za kisiwa, inaweza kuwa na nguvu sana.

## Historia ya hifadhi

Katika miaka ya 1970 uvuvi haramu ulienea katika sehemu hii ya Ufilipino. Baadhi ya wavuvi walitumia baruti, wengine sumu ya sianidi, na wengine mbinu iitwayo muro-ami, ambapo matumbawe hugongwa kwa mawe yaliyofungwa kwenye kamba ili samaki wakimbilie wavuni. Samaki walipungua, na wavuvi wa Apo walilazimika kwenda mbali zaidi kutafuta riziki.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Silliman kilichopo Dumaguete, wakiongozwa na mwanabiolojia Angel Alcala (1929-2023), walikuwa tayari wamesaidia kuanzisha hifadhi kwenye kisiwa jirani cha Sumilon mwaka 1974. Kuanzia 1979 walianza kuzungumza na wakazi wa Apo. Hoja yao ilikuwa rahisi: sehemu ndogo ya mwamba ikiachwa bila kuvuliwa, samaki wataongezeka humo, na wengine watatoka na kuingia katika maeneo ya uvuvi. Wakazi wengi hawakuamini mwanzoni, kwani kwao kufunga sehemu ya bahari kulimaanisha kupunguza chakula cha nyumbani.

Mwaka 1982 jamii ilikubali kujaribu. Sehemu ya pwani ya kusini-mashariki yenye urefu wa mita 450 hivi, pamoja na maji yaliyo mbele yake hadi mita 500 kutoka ufukoni, ilifungwa kwa uvuvi wa aina yoyote. Ni takriban sehemu moja ya kumi ya mwamba wote wa kisiwa. Kwingineko uvuvi uliendelea, lakini kwa zana zisizoharibu matumbawe, kama vile ndoano, madema na baadhi ya nyavu. Ulinzi ulifanywa na wakazi wenyewe.

Wakati huohuo kisiwa cha Sumilon kilitoa funzo chungu. Mwaka 1984, baada ya mabadiliko ya siasa za mahali, hifadhi yake ilifunguliwa na wavuvi wakaingia kwa wingi, wakiwemo wa muro-ami. Katika muda mfupi mavuno ya kisiwa kizima yalishuka kwa takriban nusu, ingawa eneo la kuvulia lilikuwa limeongezeka. Kwa watu wa Apo huo ulikuwa ushahidi wa karibu wa kile ambacho wao wangeweza kukipoteza.

Alcala na mwenzake Garry Russ kutoka Australia walifuatilia hifadhi ya Apo kwa miaka mingi. Hesabu zao chini ya maji zilionyesha kwamba uzito wa jumla wa samaki wakubwa kama kolekole na kangaja ndani ya hifadhi uliongezeka hadi mara tatu katika miaka 18, na kwamba nje ya hifadhi samaki hao walipatikana zaidi karibu na mpaka wake.

Mwaka 1994 serikali ya Ufilipino ilitangaza kisiwa chote na bahari inayokizunguka kuwa eneo linalolindwa kitaifa. Usimamizi ulihamia kwa bodi ambamo wakazi ni baadhi tu ya wajumbe. Ada za wageni na wazamiaji hukusanywa chini ya sheria ya kitaifa ya maeneo yanayolindwa ya 1992, na kwa utaratibu huo sehemu kubwa ya mapato hubaki kwa matumizi ya eneo lenyewe, na sehemu ndogo huingia katika mfuko wa taifa. Mabadiliko hayo yaliimarisha ulinzi wa kisheria, lakini pia yalizusha malalamiko miongoni mwa wakazi waliokuwa wamezoea kuamua mambo ya bahari yao wenyewe.

Dhoruba mbili za kitropiki, Washi ya Desemba 2011 na Bopha ya Desemba 2012, ziliharibu vibaya matumbawe ya upande wa mashariki, ikiwemo sehemu iliyofungwa tangu 1982. Hifadhi hiyo ilifungwa kwa wazamiaji ili ipate kupona. Matukio hayo yalionyesha kikomo cha hifadhi: inazuia baruti na nyavu, lakini haizuii dhoruba wala joto la bahari.

## Kasa

Ufilipino ina spishi tano kati ya saba za kasa duniani. Mbili huonekana Apo: kasa wa kijani (Chelonia mydas), aliye wa kawaida zaidi, na ng'amba (Eretmochelys imbricata).

Kasa wa kijani hula mbele ya kijiji chenyewe, katika maji ya kina cha mita chache tu, ambapo kuna nyasi-bahari na mwani. Kwa sababu hiyo hata mtu asiye na mtungi wa hewa anaweza kuwatazama akielea juu kwa miwani na neli ya kupumulia. Wengi wao ni kasa ambao bado hawajapevuka. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 hadi 50 kupevuka, na katika kipindi hicho huweza kukaa malishoni mahali pamoja kwa muda mrefu. Mpevu huwa na gamba la urefu wa mita 1 hivi na uzito unaoweza kupita kilogramu 150.

Ng'amba ni mdogo zaidi na ana mdomo mwembamba uliochongoka kama wa ndege, ambao huutumia kuchokoa sifongo kutoka kwenye nyufa za mwamba. Mzamiaji humwona zaidi kwenye mteremko wa matumbawe kuliko kwenye nyasi.

Kasa hupumua kwa mapafu. Anapokula hupanda juu kila baada ya dakika chache, huvuta pumzi kwa sekunde moja au mbili na kushuka tena. Anapolala chini ya mwamba anaweza kukaa saa kadhaa bila kupumua, kwa kuwa mwili wake hutumia oksijeni kidogo. Akishtuliwa akiwa karibu na kumaliza pumzi, hulazimika kutumia nguvu zaidi wakati huohuo anapohitaji hewa.

Kila kasa ana mpangilio wa pekee wa magamba pande zote mbili za uso. Watafiti hutumia picha za magamba hayo kumtambua mmoja mmoja, bila kumkamata wala kumfunga alama. Picha za wazamiaji wa kawaida pia zinafaa kwa kazi hii zikionyesha uso kwa ubavu, pamoja na tarehe na mahali.

## Nyoka-bahari

Spishi inayoonekana zaidi Apo ni nyoka-bahari midomo-njano (Laticauda colubrina). Mwili wake ni wa kijivu-buluu wenye mikanda myeusi, na pua na mdomo wa juu ni njano. Jike huweza kupita urefu wa mita 1.4, ilhali dume kwa kawaida hafiki mita 1. Mkia wake umebapa kama kafi, na kwa huo huogelea.

Nyoka wa jenasi Laticauda hutofautiana na nyoka-bahari wengine wengi. Hao wengine huishi maisha yao yote majini na huzaa watoto hai. Laticauda huwinda baharini lakini hurudi nchi kavu kumeng'enya chakula, kujivua ngozi, kujamiiana na kutaga mayai. Kwa hiyo huko Apo nyoka hawa huonekana pia katikati ya mawe ya ufukoni, hasa usiku. Wanahitaji maji matamu ya kunywa. Tezi iliyo chini ya ulimi hutoa chumvi mwilini, lakini utafiti umeonyesha kwamba hawanywi maji ya bahari hata wanapokaukiwa, bali husubiri mvua au hutafuta chemchemi.

Chakula chao ni mikunga na jamaa zake. Majike, wakiwa wakubwa zaidi, huwinda mikunga wakubwa katika maji ya kina kirefu, na madume huwinda wadogo kwenye mwamba wa juu. Nyoka huingiza kichwa katika kila tundu akitafuta kwa harufu. Wakati huo hawezi kuona kinachomjia kwa nyuma. Mkia wake una rangi zinazofanana na za kichwa, naye huuchezesha kana kwamba ndio unaotazama huku na huku. Mzamiaji asiyejua jambo hili hudhani nyoka anamkabili, kumbe kichwa kimo ndani ya mwamba.

Sumu ya nyoka huyu hushambulia mishipa ya fahamu na kupooza misuli. Hata hivyo ni mpole, na visa vya kumuuma binadamu ni vichache sana. Wengi wanaoumwa na nyoka-bahari ni wavuvi wanaomwondoa nyoka wavuni kwa mikono, si wazamiaji.

Nyoka-bahari wa spishi nyingine huweza kumkaribia mzamiaji. Kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, nyoka-bahari aina ya Aipysurus laevis hujulikana kwa kuwafuata watu, kuwazunguka na hata kujizungusha kwenye miguu yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza kwamba mara nyingi ni madume katika msimu wa kujamiiana ambao humdhania mtu kuwa jike au dume mpinzani. Anayekimbia humfanya nyoka amfuate zaidi, kwani jike naye hukimbia. Anayetulia huchunguzwa kwa ulimi, kisha huachwa.

## Kupiga mbizi na kutazama wanyama

Wageni huandikishwa na kulipa ada kabla ya kuingia majini. Wanaoelea juu kuwatazama kasa huongozwa na wenyeji wa kisiwa, na kazi hiyo ni chanzo cha kipato kwa familia nyingi. Wazamiaji wenye mitungi kwa kawaida huja na vituo vya kuzamia vya Dauin, Dumaguete au vya kisiwani.

Kanuni za kuwatazama kasa zinafanana karibu kila mahali duniani:

* Mtazamaji hukaa mbali kwa mita kadhaa na kumwacha kasa akaribie mwenyewe akitaka.
* Humkaribia kwa ubavu, si kwa mbele wala kwa nyuma, na hamfukuzi anapoondoka.
* Hakai juu ya kasa, kwa sababu huko ndiko njia yake ya kupata hewa.
* Watazamaji hawamzunguki kasa mmoja pande zote.
* Kumgusa, kumlisha, kumpanda au kummulikia taa ya picha usoni hakuruhusiwi.
* Mtu hasimami juu ya nyasi-bahari au matumbawe, na hudhibiti vizuri kuelea kwake.

Dalili kwamba kasa amesumbuliwa ni kuacha kula, kuinua kichwa na kutazama, kugeuka ghafla au kupiga makasia kwa nguvu. Mtazamaji akiona mojawapo, anapaswa kurudi nyuma. Kasa aliyezoea watu haonyeshi dalili hizi mapema, na ndiyo sababu idadi ya watu majini ni muhimu hata pale wanyama wanapoonekana watulivu.

Kwa nyoka-bahari, kanuni ya kwanza ni kutomshika wala kumzuia. Mzamiaji hatii mkono ndani ya matundu ya mwamba, huacha njia wazi nyoka anapopanda kupumua, na hutulia nyoka akimkaribia. Ufukoni usiku inafaa kuvaa viatu na kutumia tochi.

## Huduma ya kwanza kwa aliyeumwa

Meno ya nyoka-bahari ni mafupi na jeraha linaweza kuwa dogo lisilouma. Mara nyingi sumu haiingizwi kabisa. Hata hivyo dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo kila aliyeumwa huchukuliwa kuwa mgonjwa wa dharura. Dalili ni pamoja na maumivu ya misuli, kope kulegea, ugumu wa kumeza au kuzungumza, udhaifu, na mkojo wa rangi nyeusi.

Mgonjwa hutolewa majini na kulazwa atulie. Kiungo kilichoumwa hufungwa bendeji pana iliyokazwa kuanzia vidoleni kwenda juu, kisha hufungiwa ubao kisisogezwe. Jeraha halichanjwi, halinyonywi wala halifungwi kwa kamba ya kuzuia damu. Mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja, na akishindwa kupumua hupewa pumzi ya mdomo bila kukoma hadi msaada ufike, kwa sababu kifo husababishwa zaidi na kupooza kwa misuli ya kupumua. Dawa ya kupambana na sumu ya nyoka-bahari ipo, lakini haipatikani katika kila hospitali.

## Vitisho

Nyoka-bahari wa Ufilipino waliwahi kuvunwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi, hasa kwenye kisiwa cha Gato kaskazini mwa Cebu, na idadi yao ilishuka. Kasa waliwindwa kwa nyama, mayai na magamba. Tangu 2001 sheria ya wanyamapori ya nchi hiyo inazuia uwindaji na biashara ya wanyama walio hatarini. Vitisho vinavyobaki ni kunaswa katika nyavu, plastiki, kugongwa na mashua, kuharibika kwa fukwe za kutagia na joto la bahari linaloua matumbawe.

Hali ya spishi hizi inatofautiana. Mwaka 2025 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ulimwondoa kasa wa kijani katika kundi la spishi zilizo hatarini, baada ya miongo mingi ya ulinzi wa fukwe kuongeza idadi yake duniani. Ng'amba bado yumo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Utalii wenyewe una pande mbili. Unampa mkazi sababu ya kumlinda kasa akiwa hai, lakini wageni wengi katika eneo dogo hukanyaga nyasi-bahari na kuwasumbua wanyama walioliwezesha soko hilo.

## Ulinganisho na pwani ya Afrika Mashariki

Spishi tano za kasa zilizopo Ufilipino ndizo zilezile zinazopatikana Tanzania na Kenya. Kwa upande wa nyoka-bahari hali ni tofauti: jenasi Laticauda haifiki Afrika, na spishi pekee inayoonekana kwenye pwani hii ni nyoka-bahari tumbo-njano (Hydrophis platurus), ambaye huelea katika bahari kuu na mara nyingine hutupwa ufukoni na mawimbi. Mkunga mwenye madoa au mikanda huweza kudhaniwa kuwa nyoka-bahari, lakini mkunga ana pezi refu mgongoni na hana magamba.

Matatizo ya uvuvi yanafanana. Uvuvi wa baruti uliharibu miamba mingi ya Tanzania, na uvuvi wa kigumi, ambapo maji na matumbawe hupigwa kwa miti ili samaki waingie wavuni, unafanana na muro-ami. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao Apo ilipata ulinzi wa kitaifa, mwamba wa kisiwa cha Chumbe huko Zanzibar ulitangazwa kuwa hifadhi, na baadhi ya walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa zamani.

## Tazama pia

* Kasa
* Nyoka-bahari
* Matumbawe
* Kisiwa cha Chumbe